Urojo wa nyumbani: kumbukumbu ya mradi hadi sasa

Mradi ni huu: kupika nyumbani urojo, mchuzi wa unga, embe mbichi na ndimu, wa aina inayouzwa vichochoroni Mji Mkongwe, Zanzibar. Mwembamba, mkali wa ndimu, wa moto, na vikorokoro vyake vyote ndani ya bakuli moja. Hapa pameandikwa vipimo vilivyokwisha kutulia, vilivyobadilishwa na sababu zake, na mambo yanayosumbua bado. Kila kipimo ni cha walaji sita.

Bakuli la kulinganishia

Huwezi kujua unaelekea wapi bila kula nje. Ukipewa bakuli, usikimbilie kukoroga. Onja kwanza urojo mtupu pembezoni, kabla chatne na pilipili havijaingia, kwa kuwa vikishachanganyika huwezi tena kujua ukali umetoka wapi. Halafu tazama kijiko: urojo mzuri hukifunika kwa utando mwembamba ambao bado unauona mng'ao wa kijiko chini yake. Acha bakuli dakika kumi uangalie tena. Uliogeuka uji kwa muda huo ulitiwa unga kupita kiasi tangu mwanzo.

Forodhani jioni, kwenye bustani ya ufukweni ya wauza vyakula, pale mbele ya Beit-el-Ajaib (Jumba la Maajabu) na Ngome Kongwe, zingatia pia saa. Sufuria iliyokaa juu ya makaa tangu magharibi haiwi ile ile saa tatu usiku: maji yamepungua, chumvi imepanda, harufu ya ndimu imekwenda zake. Muuzaji mzoefu huongeza maji ya moto kidogo kidogo na kukamua ndimu upya. Ukifika usiku, omba ndimu ya ziada bila haya. Dar es Salaam, ambako wengi huuita Zanzibar mix, mabakuli mengi niliyoyaonja huelekea kwenye uzito na vitu vingi vya juu. Si vibaya, ila si shabaha ya mradi huu.

Funzo kubwa la kulinganisha mabakuli ni moja, na mapishi yote sasa yamejengwa juu yake: urojo ukiwa sufuriani lazima uonekane umepungua unga na umezidi ukali. Unga wa ngano huzidi kushika kadiri unavyopoa. Bajia hunywa maji na kumwaga chenga zake ndani. Mbatata na nazi hufifisha ukali. Urojo ulio "sawasawa" jikoni huwa mzito na baridi wa ladha ukifika mezani.

Urojo wenyewe

Unga wa ngano gramu 60 (vijiko vikubwa saba na nusu vya kufuta), unga wa dengu gramu 15, embe mbichi gramu 250 baada ya kumenywa na kuondolewa kokwa, manjano kijiko kidogo kimoja cha kufuta, thomu (kitunguu saumu) punje tatu za kutwanga, chumvi vijiko vidogo viwili na nusu, maji ya ndimu mililita 60, maji lita 2 kwa jumla.

Unga wa dengu si lazima, na kuna watakaosema hauhusiki kabisa. Umebaki kwa sababu hauvutiki sana ukipoa na unaongeza utamu wa kunde chini ya ndimu. Wagujarati wa India hufanya vivyo hivyo kwenye kadhi, mchuzi wao wa mtindi, na kwenye bakuli ambalo tayari lina bajia, kachori na chatne, vitu vilivyopita Bahari ya Hindi, sioni ugeni wake. Ila ukizidi gramu 25 urojo unakuwa na uchungu kidogo na chembechembe ulimini.

Badiliko kubwa la toleo hili ni embe kupikwa peke yake. Zamani iliparazwa na kutiwa mwanzoni pamoja na kila kitu. Tatizo ni kwamba unga ukichemka muda mrefu pamoja na ukali hukatika, urojo ukarudi kuwa maji, na mpishi akaongeza unga, ukakatika tena, hadi mwisho una ladha ya unga bila uzito. Kwa hiyo: paraza embe, chemsha na maji nusu lita dakika kumi, iponde kwa mwiko, weka kando. Ukipenda urojo laini kabisa, chuja. Mimi huacha nyuzinyuzi.

Injika maji lita 1.2 pamoja na manjano, thomu na chumvi. Maji yaliyobaki, mililita 300, yawe baridi. Koroga humo unga wa aina zote mbili, kisha upitishe kwenye chujio. Maji ya moto huanza kuupika unga kwa nje kabla haujaachana, na hapo ndipo madonge yanapotoka. Unga hutuama haraka, basi koroga tena mara ya mwisho kabla ya kumimina, la sivyo unamimina maji ya njano na unga unabaki chini ya bakuli. Mimina kwa mchirizi mwembamba huku mkono mwingine ukikoroga. Punguza moto, acha utokote taratibu dakika kumi na tano. Dakika tano zinatosha kuupa uzito, lakini harufu ya unga mbichi haiondoki mapema hivyo, na ndimu huifichua badala ya kuificha. Pangusa mwiko chini ya sufuria kila baada ya dakika mbili: unga ukishika chini na kuungua kidogo tu, sufuria nzima hupata moshi.

Tia embe, subiri dakika tano, epua. Ndimu huingia baada ya kuepua, moto ukishapungua, kwa maana ikichemka hupoteza harufu na kuacha uchungu. Onja. Ukiona uso umekunjamana kidogo, umefika. Ukiona ni mtamu kunywa kama supu, ongeza ndimu.

Mbatata: kilo nusu, zichemshwe mbali na urojo hadi zilainike kabisa, zikatwe vipande vya sentimita mbili. Kuzipikia ndani ya urojo kunaonekana kuokoa sufuria, lakini mbatata ndani ya kitu kikali hukataa kulainika. Ukali huzuia gundi inayoshikanisha chembe zake isiyeyuke. Utachemsha saa nzima na katikati bado inagonga jino.

Bajia za kunde

Hapa ndipo kazi ilipo. Kunde kavu gramu 250, loweka saa sita hadi nane, zifikiche kwa mikono ndani ya maji mengi na kuyamwaga mara kadhaa maganda yakielea. Si lazima yatoke yote. Yakibaki robo hakuna atakayejua. Saga na thomu, pilipili moja na kipande cha tangawizi, kwa maji yasiyozidi vijiko vikubwa vitatu. Mashine ikigoma, izime, sukuma kwa mwiko, iwashe tena. Kuongeza maji ili mashine izunguke ndiko kunakoharibu bajia nyingi.

Kisha piga rojo hilo kwa mkono au mwiko dakika tano mfululizo. Linageuka jeupe na kuvimba. Dondosha tone kwenye glasi ya maji: likielea, hewa imetosha, likizama, endelea kupiga. Chumvi na kitunguu kilichokatwa vitiwe dakika ya mwisho, kabla tu ya kukaanga, maana chumvi huvuta maji ya kitunguu na rojo hulegea ukilitazama.

Kaanga kwa vijiko vidogo kwenye mafuta ya nyuzi 170 hivi. Bila kipimajoto, chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: vipovu vidogo vikiuzunguka bila fujo, anza. Mafuta yakiwa makali bajia huwa nyeusi nje na mbichi ndani. Yakiwa ya baridi hunywa mafuta, na mafuta hayo huja kuelea juu ya urojo. Bajia za bakuli zikauke kidogo kuliko za kula na chatne pekee, kama dakika moja zaidi kwenye karai. Bajia laini ya kuvutia ikiingia urojo hupasuka na kutoweka.

Unga wa kunde wa dukani umejaribiwa badala ya kunde za kulowekwa. Hutoa vidonge vizito visivyo na hewa. Umeachwa.

Kachori

Mbatata nusu kilo nyingine, zichemshwe na maganda, zimenywe zikiwa moto na ziachwe mvuke utoke. Ponda kwa uma. Mashine ya kusagia huzigeuza gundi. Tia kijiko kikubwa cha ndimu, chumvi, pilipili mbichi na kotmiri (majani ya giligilani) iliyokatwa ndogo ndogo. Finyanga vidonge vya gramu 30, viache mahali pa baridi nusu saa.

Ngozi ya nje: unga wa ngano gramu 100, maji mililita 130, chumvi, na manjano ya kubana kwa vidole viwili. Usitie magadi wala hamira ya unga. Manjano yakikutana na magadi hugeuka rangi kuelekea wekundu, na kachori hutoka na mabaka ya kutu. Kachori ikipasuka ndani ya mafuta, tazama mambo mawili: mbatata zilikuwa na maji mengi na mvuke ukatafuta njia, au kulikuwa na sehemu ambayo unga haukuifunika. Chovya, geuza, inua, acha itone, tia.

Vya pembeni

Mishkaki: nyama ya ng'ombe gramu 400, vipande vya sentimita mbili, na kijiko kikubwa kimoja cha papai bichi la kusaga, thomu, tangawizi, chumvi. Saa mbili, basi. Ukiilaza usiku kucha papai huila nyama ikawa unga unga nje. Choma kwa makaa makali upesi.

Chatne ya nazi: nusu nazi iliyokunwa, pilipili mbichi, ndimu, chumvi, maji kidogo sana, isagwe. Kuna sababu ya kuisaga siku hiyo hiyo: nazi mbichi na joto la pwani havivumiliani. Pilipili ya kusaga iwe na thomu na ndimu. Mayai ya kuchemsha nusu kila bakuli.

Chipsi za muhogo nunua. Kuzikata kwa wembamba wa milimita moja, kuosha unga wake, kukausha na kukaanga hadi vipovu vinyamaze ni kazi ya kutosha kuwa mradi mwingine, na za pakiti ni nzuri.

Kupanga bakuli

Mbatata kwanza, kisha kachori moja iliyobonyezwa kidogo ipasuke, bajia nne au tano, mishkaki iliyochomolewa kwenye kijiti, yai. Mimina upawa mmoja na nusu wa urojo wa moto, karibu mililita 280. Chatne kijiko kimoja, pilipili kwa kuuliza, chipsi za muhogo mwisho kabisa na mlaji akiwa ameshakaa. Chipsi zilizosubiri dakika tatu ni ngozi.

Kwa ratiba ya jikoni, urojo unaweza kutangulia saa mbili bila ndimu. Ukipashwa moto, uongezewe maji ya moto kiasi cha glasi moja, koroga, epua, ndipo ndimu. Bajia zikaangwe mwisho. Uliobaki hukaa kwenye friji hadi kesho na huganda kama uji wa mgonjwa. Dawa ni ile ile, maji ya moto na ndimu mpya. Ila usiweke akiba mabaki ya bakuli lililokwisha kuliwa nusu. Mbali na usafi, mate humeng'enya unga: ndiyo maana mwisho wa bakuli la mlaji wa polepole huwa maji matupu hata kama sufuria bado imeshika vizuri.

Kinachosumbua bado

La kwanza ni msimu. Embe mbichi zikiadimika, ukwaju unatoa ukali wa kutosha lakini unafifisha njano ikawa hudhurungi. Sasa hivi ni ukwaju gramu 40 uliolowekwa na kuchujwa, pamoja na ndimu mililita 80, na manjano yakiongezwa robo kijiko. Rangi inapita, ila ule ubichi wa embe haupo.

La pili ni walaji wasiokula ngano. Unga wa muhogo kwa kiasi kile kile unavutika kama ute na kushikamana na kijiko. Unga wa mchele gramu 70 umetoa matokeo bora kuliko huo, hauvutiki, ingawa ni mweupe zaidi na una mchanga kidogo ukiusugua ulimini. Jaribio linalofuata ni mchele gramu 50 na dengu gramu 25, utokote dakika ishirini badala ya kumi na tano, na kachori zifunikwe kwa dengu tupu.