Siku moja maishani mwangu: tochi kwanza, bomba baadaye

Saa 12 asubuhi

Mimi ni fundi wa kuua wadudu majumbani, Dar es Salaam. Bomba la kupulizia la mgongoni, la lita 16, huangaliwa kabla ya dawa. Natia maji matupu lita mbili, napampu mpaka mpini uwe mzito, nafungua. Pua ikitandaza maji kama feni, salama. Ikitoa mchirizi mmoja, imeziba: naifungua na kuisugua kwa mswaki wa zamani, siipulizi kwa mdomo hata siku moja. Ikiendelea kudondosha baada ya kuachia kishikio, washa ya mpira imechoka, na matone hayo yatanilowesha goti siku nzima.

Mkoba hupangwa kwa mfuatano wa kazi. Juu kabisa tochi, kioo kidogo cha kunyolea, bisibisi na kadi ngumu ya plastiki. Kisha sindano za jeli, yaani chambo chenye sumu ya mende, sirinji ya kupimia mililita, glovu za nitrili na barakoa yenye vichujio vya mkaa, kwa sababu ile ya kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke wa dawa unapita. Chini kabisa ndiyo dawa, kila chupa na lebo yake yenye namba ya usajili ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Zile za kwenye chupa za maji ya kunywa, zinazotembezwa na kipaza sauti, “dawa ya panya, mende, kunguni, chawa!”, sizichukui hata za bure. Hujui kilichomo, hujui kipimo, na mtoto akinywa, daktari hana pa kuanzia. Chaki ya mende nayo vilevile: ukiitazama ni chaki ya shule, na mtoto ataishika kama chaki ya shule.

Saa 2 asubuhi, Sinza: mende wa jikoni

“Shikamoo mama.”

“Marahaba fundi. Pulizia tu kila mahali, nimechoka nao.”

Nusu ya kazi hii ni kuijibu sentensi hiyo kwa adabu. “Mama, nikipulizia kila mahali leo, watahamia darini na kwenye soketi, na baada ya wiki tatu utanipigia tena.”

Kwanza ajulikane ni mende gani. Yule mkubwa mwekundu wa sentimita 4 anatoka kwenye chemba na bomba la maji machafu. Dawa yake haiko jikoni: ni mfuniko wa chemba uliopasuka uzibwe kwa saruji, tundu la sinki lifunikwe usiku, na dawa ipulizwe ndani ya chemba. Mdogo wa sentimita moja na nusu, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, anaishi ndani na anazaliana ndani. Aliletwa na trei la mayai, katoni, au friji ya mitumba.

Wa hapa ni wadogo. Navuta friji, nawasha tochi, naingiza kioo nyuma ya mota. Kwenye trei la maji, pale penye joto na unyevu, kuna vidoti vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa: kinyesi chao. Bawaba za makabati zina vidoti hivyohivyo, na ndani ya mpira wa mlango wa friji wamejipanga kama watu kwenye daladala. Jike mmoja ana kifuko cha mayai kimening'inia nyuma. Kifuko hicho hubeba mayai 30 hadi 40, naye hukibeba mpaka karibu na kuanguliwa. Ganda lake ni gumu, dawa ya kupuliza haipenyi vizuri. Ndiyo maana mtu anapuliza leo, anafagia maiti, anafurahi, kisha wiki tatu baadaye jiko linajaa vitoto. Anasema dawa ni feki, kumbe ni mayai yaliyobaki.

Hapa ni jeli. Tone dogo kama punje ya mchele, mengi na ya karibukaribu, si donge moja kubwa pembeni. Jiko hili la mita 3 kwa 3 limekula matone 28: mawili kila bawaba, manne nyuma ya friji, mengine chini ya ukingo wa sinki na kwenye nyufa za kabati. Siweki palipo na mafuta, tone litateleza. Siweki jirani na jiko la gesi, litakauka. Na siweki palipopulizwa dawa ya kopo jana usiku, kwa sababu harufu yake huwafukuza mende na jeli hubaki mapambo. Mama amekiri alipuliza kabatini, basi kabati lile nimelifuta kwa maji ya sabuni na matone nimeyahamishia kwenye fremu.

Mende aliyekula jeli hafi papo hapo. Anarudi mafichoni, anafia huko, na wale wadogo wasiotoka nje wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanakufa. Kwa hiyo siku tatu za kwanza ataona mende wakiyumba mchana kweupe. Ni dalili njema, asikimbilie kopo. Usiku sinki likaushwe, ndoo ya maganda ifunikwe, na kupuliza marufuku mpaka nirudi siku ya 14.

Saa 4 asubuhi, Manzese: kunguni

Vyumba vinne vya kupanga, ukuta mmoja. Sikubali kufanya chumba kimoja. Kunguni hupita kwenye nyufa na matundu ya nyaya, ukitibu cha pili unakipa cha tatu.

Kitanda kinavutwa kutoka ukutani, chaga zote zinatolewa. Napitisha kadi kwenye mshono wa godoro na kwenye viungo vya mbao: vidoti vyeusi vya damu iliyokauka, magamba, mayai meupe madogo kama chembe ya chumvi. Kwenye tundu la skrubu ya kichwani wamejaa. Hapo maji yanayochemka kutoka kwenye birika, yakimiminwa moja kwa moja ndani ya kiungo, yanaua wakubwa na mayai kwa pamoja. Yakisafirishwa kwenye ndoo kutoka uani yanafika vuguvugu, na vuguvugu ni kumwogesha kunguni tu. Nguo na shuka zinafuliwa kwa maji ya nyuzi 60 au zaidi, zisizofulika zinafungwa kwenye mifuko.

Dawa naipuliza kwenye nyufa, nyuma ya fremu na chini ya chaga. Kunguni wengi siku hizi wamezoea dawa za kundi la pairethroidi, lile la makopo mengi ya dukani, hivyo ukali wa harufu si kipimo cha chochote. Mafuta ya taa je? Yanaua yule uliyemlowesha tu, na yanaacha godoro la sponji likisubiri kiberiti.

Mayai huanguliwa ndani ya siku 10 hivi, basi kurudi ni siku ya 14, kisha mara ya tatu. Na mpangaji asihamie kulala kwenye kochi, atawahamisha.

Saa 6 mchana

Jua la sasa hivi halifai kupuliza nje. Nanawa kwa sabuni mikono na uso kabla ya kugusa wali. Simu za mchana karibu zote ni za sisimizi. Jibu langu halibadiliki: nusu lita ya maji, vijiko vinne vya chakula vya sukari, kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha, cha asidi ya boriki. Loweka pamba, weka kwenye vifuniko vya chupa kando ya njia yao, mbali na watoto na kuku. Mtu akiona kimoja anaweka vitatu “ifanye kazi haraka”, kisha analalamika. Ikizidi, sisimizi anayebeba chakula anafia njiani na malkia kiotoni hapati kitu.

Saa 8 mchana, Goba: mchwa

Mwenye nyumba ananionyesha fremu ya mlango iliyoliwa. Nagonga kwa mpini wa bisibisi: upande wa kulia mlio wa mbao, kushoto mlio wa boksi tupu. Kama ningekuta vitundu vya duara na unga laini unaomwagika, ningesema ni bungua, na kazi ingekuwa nyingine. Hapa kuna udongo ndani ya mbao, na njia ya udongo nene kama penseli imepanda kutoka sakafuni. Alikusanya mabawa ya kumbikumbi dirishani mvua zilipoanza na hakujua kwamba hao ni mchwa wenyewe wakitafuta makao mapya.

Navunja kipande cha njia, kama sentimita tano. Vijitu vyeupe vinatawanyika, askari wa vichwa vya kahawia wanakuja mlangoni. Sehemu nyingine ya njia hiyo naivunja na kuiacha makusudi: nikirudi siku ya 7 nikaikuta imezibwa, bado wapo.

Kisha nazunguka nyumba, na hapa ndipo majibu yalipo. Bustani ya maua imejazwa udongo hadi juu ya msingi. Bomba la kiyoyozi linadondosha maji pembeni ya ukuta huohuo. Mbao za kufungia zege, masalia ya ujenzi, zimefukiwa nyuma ya choo. Ni chakula, maji na ngazi. Bila kuviondoa, dawa ni gharama ya kila mwaka.

Ukuta huu ni mita 12. Mfereji unachimbwa ukigusa msingi, upana sentimita 15, kina 30. Kipimo ni lita 5 za mchanganyiko kwa kila mita, yaani lita 60. Dawa ni imidakloprid ya gramu 200 kwa lita, mililita 2.5 kwa kila lita ya maji, sawa na 50 kwa ndoo ya lita 20. Ndoo tatu, mililita 150. Nusu inamwagwa mferejini, nusu inachanganywa na udongo unaporudishwa. Anayezunguka nyumba nzima na bomba moja la lita 16 akipuliza juu ya ardhi amelowesha vumbi, maana mchwa hupita chini. Oili chafu nayo inachafua udongo, na mchwa wanaizunguka. Kungekuwa na kisima upande huu, mfereji nisingeuchimba kabisa.

“Na hawa wa mwembeni, fundi? Wanauma balaa.” Ni majimoto, wameshona majani kuwa viota. Hao siwapulizi. Wanawinda wadudu wanaofyonza maembe, korosho na nazi changa. Kinachotakiwa ni kukata tawi linalogusa bati, hilo ndilo daraja lao la kuingilia ndani.

Saa 11 jioni, Mbezi: mbu

Hapa bomba linabaki garini. Anayeuma mchana, mwenye madoa meupe miguuni, ndiye anayeeneza dengi, na anazaliwa kwenye maji masafi ya nyumbani: pipa la akiba, sahani ya chungu cha maua, tairi, gata lililoziba. Kutoka yai hadi kuruka ni siku saba hadi kumi, hivyo kumwaga mara moja kwa wiki kunatosha. Lakini pipa lisuguliwe kwa brashi, mayai hugandia ukutani juu ya mstari wa maji na hukaa makavu kwa miezi. Mfuniko wa simtanki ufungwe, tundu la kufurika liwekwe wavu.

Anayekuimbia sikioni usiku mara nyingi ni wa shimo la choo. Wavu juu ya bomba la hewa, nyufa za mfuniko zizibwe. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga punje za polistirini, ile plastiki nyeupe nyepesi ya kukinga vitu kwenye maboksi, zikaelea juu ya maji ya mashimo kama blanketi, mbu wakakosa pa kutagia. Moshi wa kufukiza unaua wanaoruka jioni hii tu. Kesho wanazaliwa wengine, na chandarua bado ni lazima.

Saa 1 usiku

Bomba lilisuuzwa mara tatu palepale Goba, maji ya kusuuza yakaishia kwenye mfereji wa mchwa. Chupa tupu zimetobolewa, mtu asije akazitia mafuta ya kula. Ovaroli ina beseni lake, haifuliwi na nguo za nyumbani.

Daftari: Sinza, matone 28, siku ya 14. Manzese, vyumba vinne, siku ya 14, ufunguo wa cha tatu uko kwa dada wa saluni. Goba, njia iliyovunjwa, siku ya 7, bustani ishushwe kwanza. Betri za tochi.