Panya Waliokataa Kuugua

Panya wangu wa maabara walishafikisha wiki 12 na ngozi zao bado zilikuwa nyororo. Kila asubuhi nilimshika mmoja mmoja ukosini, nikampeleka kwenye taa, nikapekua manyoya nyuma ya masikio. Hapana wekundu, hapana kigaga. Daftarini nikaandika sifuri, kama jana na juzi.

Walikuwa NC/Nga, ukoo wa panya kutoka Japani. Mwaka 1997 watafiti walieleza kwamba panya hawa hupata pumu ya ngozi wenyewe, bila kupakwa kemikali. Ndiyo maana niliwachagua. Ukipaka oksazoloni, kemikali inayochokoza ngozi, sikioni unapata uvimbe upesi, lakini mimi nilitaka ugonjwa unaonyemelea, kama ulivyomnyemelea mdogo wangu, aliyekuwa akilala na soksi mikononi asijichune.

Aliyenizindua ni mzee aliyewatunza wanyama wetu. "Mwanangu, humu hewa inachujwa, hata matandiko yao yanachemshwa. Wataugua kwa kitu gani?"

Nilirudi kuisoma upya ripoti ile ya 1997. Ilisema wazi: kwenye chumba kisicho na vimelea, panya hawa hubaki wazima. Nilikuwa nimeshika habari ya kurithi nikaipita ya mazingira, na bila hayo mawili pamoja hakuna ugonjwa wa kuchunguza.

Tukaomba upya kibali cha majaribio. Tukawanyoa migongo, tukawapaka malhamu yenye utitiri wa vumbi mara 2 kwa wiki.

Usiku mmoja wa wiki ya 3 ya kuwapaka nilikaa kuhesabu kwenye video. Panya akijisafisha hutumia miguu ya mbele, taratibu, kutoka puani kwenda masikioni. Kujikuna ni kwa mguu wa nyuma: unatetemeka kwa kasi hata vidole havionekani, kisha unashuka, naye anaulamba. Huo ndio mkuno mmoja. Nilipoona wa kwanza nilipiga kofi kwa furaha. Nilipofika wa 40, kabla hata dakika 10 hazijaisha, nilisimamisha video. Haikuwa na sauti, lakini nilisikia kucha za mdogo wangu zikiparuza shuka.

Asubuhi daktari wa mifugo alimkuta mmoja ana kidonda kilichovuka kiwango tulichoandika kwenye kibali. Akasema huyu anaondolewa leo. Nilikuwa nimekuja na ombi la kuongezewa siku 2 za vipimo. Nikalimeza, nikamfungulia kizimba.