Kesi ya Babu Mapembe, barabara ya tisa

Juzi mwanangu kashika simu yangu, ananiuliza, mama, huyu babu mwenye nywele kama mapembe ni mbaya kabisa au mbaya kidogo? Kuchungulia, Heihachi. Heihachi Mishima yule yule ambaye mwanawe alimtumbukiza kwenye lava mwishoni mwa Tekken 7, lile gemu la kupigana, tukajua ndo basi tena, mwaka 2024 wakamrudisha Tekken 8 mzima, kifua wazi, sharubu zimekaa sawa. Nilicheka mpaka mtoto akanuna. Hiyo kesi mi niliihudhuria, Ngamiani, Tanga, gizani, na hukumu haikutoka.

Shangazi alikuwa na kibanda, watu wanalipa wanacheza plestesheni, na pazia lake na paka wake. Mi ndo nilikuwa nashika kopo la hela, kwa hiyo hata wale waliokuwa wanasema mtoto wa kike afanye nini kwenye plestesheni ilibidi wanyamaze. Sheria moja tu, anayepigwa anapisha. Tekken 3 ndo ilikuwa gemu kipindi hicho, na Heihachi humkuti tangu mwanzo, lazima umalize gemu na wachezaji kibao ndo anafunguka, sasa hiyo siku watu walichanga hela tangu asubuhi, wakapangana zamu, wakashinda juani, maana bati lile na jua la Tanga ni jua tu. Na memori kadi hatuna. Kuna jamaa wa Makorora aliiazima "mpaka kesho" na hiyo kesho mpaka leo hatujaiona. Maana yake mashine ikizima, kila kitu sifuri.

Akafunguka baada ya isha. Kelele zilizopigwa, wazee wa kahawa nje wakauliza kwani timu yetu Coastal kacheza leo? Kijana aliyekuwa na padi akamchagua, pigano la kwanza, babu kanyanyua mkono una cheche za umeme, ile ngumi yake, na umeme wa kweli ukakatika. Mtaa mzima.

Hakuna aliyeondoka. Unaondokaje na hela yako imo kwenye kopo. Shangazi akawasha kibatari akakiweka juu ya tivii, akafungua friza akaanza kuuza barafu za ukwaju haraka haraka kabla hazijayeyuka, na watu wakakaa chini wakiwa na hasira, na hasira zenyewe zikamwangukia Heihachi. Sijui nani alianza. Nadhani ni yule tuliyemwita Mkalimani, alikuwa form two, yeye ndo msomaji wetu wa maandishi yote ya kizungu, na asipoelewa anatunga. Akasema huyu mzee ndo adui mbaya kuliko maadui wote duniani, hana dawa, hata kaburini hatakiwi.

Basi ikawa mahakama. Padi ikawekwa juu ya stuli, ndo mshtakiwa.

Mashtaka yalikuwa mazito jamani. La kwanza, alimchukua mwanawe Kazuya, mtoto wa miaka mitano, akamtupa gengeni, toka juu mlimani. Hili tulilipata kwa Mkalimani, ambaye alishaona Tekken za mwanzo kwa binamu yake Dar. La pili tulikuwa na ushahidi wa macho, mchana uleule tulishamaliza gemu na Jin, mjukuu wake. Huyu Jin kafiwa na mama, kaenda kwa babu akiwa na miaka 15, babu kampokea, kamfundisha kupigana miaka minne, kumbe anamfanya chambo cha kumvutia lile dubwana Ogre. Dubwana likifa, babu anawaamuru askari wammiminie mjukuu risasi, na ya mwisho anaipiga mwenyewe. Kichwani. Kibanda kizima tulinyamaza mchana ule, hata paka.

Mmoja akauliza na Ogre je, mbona hashtakiwi? Akakatwa kauli hapo hapo. Ogre ni dubwana, kuua ndo kazi yake, simba akila mtu huendi kumfungulia faili polisi. Mbaya wa kweli lazima ajue anachofanya, awe anaweza kuacha na asiache. Hapo tulikubaliana wote, na mpaka leo sijaona sababu ya kulibadilisha.

Upande wa utetezi alisimama kijana mmoja mnene mpole, fundi baiskeli sasa hivi, akasema, lakini anafuga dubu. Watu wakacheka. Akaendelea, jamani, Kuma ni dubu wake, anampenda, na dubu wa kwanza alipokufa akamchukua mtoto wa yule dubu akamlea, mtu mwenye roho ya kulea mnyama anawezaje kuwa mbaya mia kwa mia? Mkalimani akamjibu mchawi naye anafuga fisi, na anamlisha vizuri tu. Kibanda kikalipuka. Lakini yule fundi hakukaa, akang'ang'ania, akasema fisi wa mchawi anatumwa kazi, Kuma anatumwa nini? Hapo pakawa pagumu kweli, maana hakuna aliyejua Kuma anatumwa nini.

Akaingia yule tuliyemwita mtoto wa baharia. Ami yake alikuwa melini, akipita Tanga anamletea vitabu vya katuni vya Marekani, kurasa nyingine zimelowa maji ya chumvi. Yeye akasema mnapoteza muda na huyo mzee, mbaya asiye na dawa ni Joker wa Batman. Heihachi anataka kitu, anataka nguvu, anataka kampuni, mpe utajua anapoishia. Joker hataki kitu. Alimpiga Robin, yule kijana msaidizi wa Batman, kwa mtaimbo, halafu akamwachia bomu, na alikuwa anacheka. Hana mke wa kudumu, hana mtoto, hata alikotoka hapajulikani, leo anasema hivi kesho vile. Sasa huyo utamtetea kwa lipi, utasema anafuga nini?

Tukageuka wote kama tumeambiwa. Na kweli Joker alikuwa anatisha zaidi, ila hatukumjua, wengi hatujawahi kumcheza, na ni vigumu kumchukia mtu ambaye hujawahi kupigwa naye. Tukarudi kwa Heihachi.

Kura ikaamuliwa ipigwe kwa vizibo vya soda. Kopo la kushoto hana dawa, kopo la kulia ana dawa. Mi nilishika yote mawili. Watu wanapita mmoja mmoja kwenye mwanga wa kibatari, kizibo kinalia ting, wengine wanaficha mkono usione wanatia wapi, mtoto wa baharia akatia kulia, nikashangaa, fundi baiskeli naye akatia kulia akaniangalia kama ananiomba nisimseme. Moshi wa kibatari umenikaa puani mpaka leo nikikumbuka. Shangazi alikuwa ameinamia friza, mkono mmoja umeshika barafu mbili zilizofungwa kwa fundo, maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko na khanga imelowa ubavuni, na tulidhani hatusikilizi kabisa maana alikuwa anahesabu chenji ya mtu. Akasema bila kunyanyua kichwa,

"Na mama yake huyo mtoto alikuwa wapi?"

"Mtoto yupi, shangazi?" Wote pale walimwita shangazi.

"Huyo aliyetupwa. Miaka mitano anatupwa gengeni, mamake yuko wapi? Kaenda sokoni?"

Kimya. Mkalimani akakohoa. Akasema mama yake alikufa kwa uzazi. Shangazi akanyanyuka sasa, akamwangalia, ile barafu inadondoka sakafuni tone, tone.

"Nani kakwambia?"

"Iko kwenye stori."

"Imeandikwa?"

Mkalimani akaangalia padi iliyo juu ya stuli. Akasema haijaandikwa ila inajulikana.

"Inajulikana na nani? We umemwona huyo mama?" Akamalizia kumpa mtu chenji yake. "Kuna mume, kuna mtoto, mke hayupo, hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza, halafu mnanichomea mafuta yangu hapa mnahukumu mzee wa watu. Nani hajalipa barafu?"

Umeme ukarudi dakika hiyohiyo, sijui nani aliupangia. Watu wakarukia tivii, makopo yakapigwa teke, vizibo vikamwagika chini ya friza, kura ikafa. Plestesheni ikawaka, ile ngoma yake ya mwanzo ikalia, tukaingia kwenye kuchagua mchezaji. Heihachi hayupo. Mshtakiwa kapotea, hakuna memori kadi, tunatakiwa tuanze upya na wachezaji wote. Na walewale waliotia kizibo kushoto ndo walikuwa wa kwanza kuingiza mkono mfukoni wachange tena. Mkalimani karibu alie.

Yaliyofuata mtayajua tu, shule, Dar, ndoa, kurudi Tanga. Tekken 7 ilitoka Japani kwenye mashine za kulipia 2015, majumbani ikafika 2017, nikaitazama yote jikoni kwenye simu, ubwabwa umeungua. Na mama akaonekana. Anaitwa Kazumi. Alimpenda Heihachi kweli, akamzalia, halafu damu ya shetani iliyokuwa ndani yake ikaamka, akataka kumuua mume, mume akamuua yeye. Ndo Heihachi akamchukua Kazuya akamtupa gengeni, apime kama na mtoto anayo hiyo damu. Akifa, alikuwa mwanangu. Akipona, ni shetani. Kipimo gani hicho jamani! Mtoto akapona.

Sasa niambieni inasaidia au haisaidii. Mi nimelizungusha sana. Kuna siku naona inamtoa kwenye kopo la kushoto, mtu kamuua mke anayempenda usiku mmoja, akili itabaki wapi. Siku nyingine naona ni waandishi tu wanamfulia nguo, maana bado Jin hakutupwa na mtu yeyote kwenye genge la mashaka, alipigwa risasi na babu aliyekuwa anakula naye. Na si yeye peke yake wanayemfulia. Magneto wa katuni za X-Men alikuja 1963 akiwa adui wa kawaida anayetaka kutawala, mwaka 1981 ndo wakamwandikia utoto wa Auschwitz, ile kambi ya Wanazi ya kuulia Wayahudi, na toka hapo ukimwita mbaya asiye na dawa unajisikia vibaya mwenyewe. Joker tu ndo wanamwacha, yupo tangu 1940 na utoto wake hawajaufunga mpaka kesho. Halafu yule Robin wa mtaimbo, nilikuja kusoma ukubwani kwamba mwaka 1988 wasomaji walipewa namba mbili za simu waamue afe au apone, walipiga 5,343 kutaka afe na 5,271 kutaka apone. Kura 72. Mtoto wa baharia hakutuambia hilo, labda ule ukurasa ulilowa. Vizibo vya wale vilihesabika, na lawama zote akabeba Joker.

Basi siku ile ya Kazumi sikuweza kuvumilia, nikampigia shangazi. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nikamwambia shangazi mama kapatikana. Mama gani? Mama wa yule mtoto aliyetupwa, wa kwenye gemu, ulituuliza. Ilimchukua muda kidogo. Nikamsimulia yote, damu, usiku ule, genge.

"Unaona?" akasema, na niliisikia raha yake mpaka huku. Halafu, "Na baba yake huyo mzee?"

Nilijua atafika huko. Nikamwambia Tekken 5 ilishasema, anaitwa Jinpachi, Heihachi alimpindua akachukua kampuni, akamfungia chini ya jengo la ibada mpaka akafa kwa njaa.

"Babake mwenyewe?"

"Mwenyewe, shangazi."

"Huyo baba alimfanya nini?"

"Hakumfanya kitu. Alikuwa hataki biashara ya silaha tu."

"Hakumfanya kitu. Nani kasema?"

"Waliotengeneza gemu."

"Aa, hao," akasema. "Hao wangoje kidogo, watakuja na jingine. Na ile hela ya luku umetuma au bado?"