Kobe wa Pili: Kumbukumbu ya Mradi Wangu wa Volkswagen

Siku ya kwanza

Limefika likivutwa kwa kamba. Ni Volkswagen Beetle 1300 ya mwaka 1972. Rangi yake ya asili haijulikani tena, tairi mbili zimelala, na panya wamezaliana nyuma ya dashibodi. Mke wangu amelizunguka mara moja, akanitazama, akauliza: "Lile la kwanza uliliuzia nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha. La kwanza lilikuwa 1300 vilevile, la mwaka 1970, rangi ya buluu, na watoto walilipa jina la Kobe. Nililiuza kwa sababu lilikuwa likigonga tak-tak-tak na kuacha matone ya oili chini kila asubuhi. Nilimwambia mnunuzi wazi kabisa kwamba injini imechoka. Alisimama nyuma ya gari, akasikiliza kidogo, akatabasamu na kulipa bila kubishana bei. Tabasamu lile limenikaa kooni hadi leo.

Juma la kwanza: kutu

Anayetaka kuijua Beetle asianze na injini, ainue siti ya nyuma. Betri inakaa chini yake upande wa kulia, na asidi yake ikishadondoka miaka na miaka, sakafu inaliwa kimyakimya. Nimegonga pale kwa bisibisi, bisibisi ikazama yote. Uzuri ni kwamba bodi yote imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, kwa hiyo kipande kilichooza kinakatwa na kipya kinachomelewa. Ubaya ni ile mifereji ya hewa ya moto inayopita chini ya milango: ndiyo uti wa mgongo wa bodi, na hapo kutu huingia kutokea ndani. Wa kushoto umepona. Wa kulia nimeukata wote.

Nimekumbuka kisa. Kwenye Kobe wa kwanza, mgeni mmoja mwenye mwili wake alikaa nyuma, springi za siti zikashuka zikagusa vichwa vya betri. Moshi! Tulitoka kama nyuki. Kumbe palitakiwa kuwa na kifuniko juu ya betri, na mimi nilikuwa nimekitupa nikidhani ni takataka. Safari hii kifuniko ndicho kitu cha kwanza nilichonunua, kabla hata ya betri yenyewe.

Juma la tatu: linaunguruma

Kabla ya kuwasha nimebadilisha mipira yote ya petroli. Hili silifanyii mzaha. Mpira uliokauka ukipasuka juu ya injini yenye joto, gari linaungua nyuma huku dereva akitazama mbele. Nikasafisha kabureta, nikaweka pointi mpya na plagi nne, nikamwaga oili lita mbili na nusu. Limekohoa mara tatu, likawaka.

Tak-tak-tak-tak.

Nilizima nikakaa chini. Ni sauti ileile, ile niliyouzia gari.

Kesho yake

Nilizishuku valvu, vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi kwenye silinda. Za injini hii hupimwa ikiwa baridi kabisa, ndiyo maana nilisubiri asubuhi. Nililala chali chini ya bampa, nikabandua waya wa springi unaobana kifuniko cha valvu, tapeti, vile vipande vinavyozisukuma valvu, zikawa wazi mbele ya pua yangu. Kwanza silinda namba 1: unazungusha injini hadi rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya disitributa inayogawa umeme kwa plagi, ielekee kwenye alama iliyo ukingoni mwake. Ukimaliza hapo, unarudisha puli nyuma nusu mzunguko unapata namba 2, nusu nyingine namba 3, nusu nyingine namba 4. Nafasi inayotakiwa kati ya tapeti na valvu ni milimita 0.15. Zangu zilipitisha kipimo hicho na kingine juu yake.

Kazi yote ya kuzirekebisha ilinichukua chini ya saa mbili, na nusu ya muda huo nilikuwa nikitafuta spana niliyoilalia. Nilipowasha, kelele haipo. Umebaki mngurumo ule wa feni na hewa ambao ukiusikia nje unajua ni Beetle kabla hujageuka.

Fundi mmoja mkongwe amenimalizia uchungu kwa simu: "Valvu inayopiga kelele usiiogope, mzee wangu. Ogopa iliyonyamaza ghafla." Yaani valvu iliyobana haifungi sawasawa, haipoi, na mwisho inaungua, nayo haikwambii kitu. Iliyolegea inalalamika tu. Gari langu lilikuwa likilalamika, mimi nikalisomea dua ya maiti.

Juma la sita: injini chini

Bado matone. Injini imeshuka: bolti nne zinazoishika kwenye gia, kebo ya pedeli ya mafuta, kebo mbili za hewa ya moto, mpira wa petroli, waya chache, jeki chini. Oili ilikuwa ikitokea kwenye mirija inayopitisha fito za valvu. Mirija ni minane, kila mmoja una mpira huku na huku, jumla mipira 16, na yote ilikuwa migumu kama ganda la nazi. Hiyo ndiyo sababu ya pili ya kumuuza Kobe. Mipira.

Bila tarehe

Nimekaa nikihesabu. Kabla ya Kobe niliuza Datsun 1200, kisanduku kidogo chenye injini ya sentimita za ujazo 1171 ambayo sikuwahi kuifungua, kwa sababu haikunipa sababu. Baadaye niliuza Peugeot 504 yenye gia ya usukani, gari lililopewa tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya mwaka 1969. Ile 504 ilimeza mashimo ukadhani barabara imetengenezwa jana. Hizo zinaniuma, lakini niliziuza kwa shida za fedha, na shida haina mjadala. Kobe nilimuuza kwa kutojua. Gari nililonunua baada yake lilikuwa jipya na kimya. Rangi yake nimeshaisahau.

Juma la tisa

Breki zimekamilika, nyaya zimekamilika. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yanasukumwa na upepo wa tairi ya akiba, kwa hiyo tairi hiyo lazima uijaze kupita kiasi, la sivyo kioo kinabaki na vumbi. Nimejaribu, yameruka hadi kwenye paa. Mkanda wa feni ni mpya, na wa pili uko kwenye buti, maana ukikatika, jenereta na feni inayopoza injini vinasimama pamoja. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka kwenye dashibodi unaegesha hapohapo, huendi "mpaka pale mbele".

Leo nimemaliza mipira ya milango. Mke wangu ameingia, akavuta mlango wake, ukagoma. Akavuta tena kwa nguvu, ukarudi.

"Umekosea kuufunga," akasema.

Sijajibu. Nimeinama juu yake, nikashusha kioo vidole viwili ili hewa ya ndani ipate pa kutokea. Akavuta. Tup.

Akakaa kimya kidogo, mkono bado uko kwenye kitasa. "Hata lile lilikuwa hivi," akasema.