Chumvi Ndani ya Urea

Nikiwa kidato cha tano, Baba alikuja shuleni Mwanza Jumamosi moja asubuhi bila kutoa taarifa. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakuuliza habari za masomo. Alifungua rambo jeusi alilolishika, akanionyesha chembe nyeupe.

"Wewe si unasoma kemia? Niambie hii ni nini."

Ilikuwa urea, au kitu kilichouzwa kwa jina hilo. Alikuwa amenunua kilo 25 za kupima gulioni, kwa kuwa mfuko mzima wenye mshono wa kiwandani ulimshinda bei. Kwetu Magu mpunga hukuziwa kwa urea, na Baba alikuwa na desturi ya kuyeyusha konzi moja kwenye kopo la maji kabla ya kuimwaga shambani. Urea hunyonya joto inapoyeyuka. Kopo hupoa ghafla mpaka unalihisi mkononi. Safari hiyo alikumbuka kopo akiwa ameshamaliza kilo 10 kwenye jaruba la karibu na mwembe. Kopo halikupoa kama kawaida.

Sikuwa na jibu. Nikampeleka kwa mwalimu wetu wa kemia, ambaye kwa bahati alikuwa maabara akipanga vifaa. Wakasalimiana kwa heshima, Baba akakaa kwenye stuli ndefu ya wanafunzi akiwa ameishika kofia mkononi. Kupitia dirishani ziwa lilionekana hadi ng'ambo ya pili ya ghuba.

Mwalimu alichukua testi tyubu mbili. Moja akaitia urea ya maabara, nyingine akaitia ile ya Baba, kisha akazipitisha taratibu juu ya moto. Urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 hivi. Ya maabara ikalegea, ikawa maji maangavu kama mafuta ya kupikia. Ya Baba nayo ikayeyuka, lakini si yote. Chini zilibaki chembe ngumu zikialika kama chumvi iliyodondokea jikoni. Halafu amonia ikatupiga puani.

"Hii ni harufu ya zizi," Baba akasema.

"Ndiyo yenyewe, mzee. Urea ilijulikana kwanza kutoka kwenye mkojo. Mwaka 1828 Mjerumani mmoja, Wöhler, akaipata maabara bila mnyama yeyote."

Tukayeyusha kidogo ya Baba kwenye maji, tukatia matone ya asidi ya nitriki na ya nitrati ya fedha. Maji yakageuka meupe kama maziwa yaliyokatika. Kloridi, dalili ya chumvi. Nilikuwa nimekariri jibu hilo kwa ajili ya mtihani, na sasa lilikuwa pesa ya mzazi wangu.

Testi tyubu ya urea safi ilikuwa bado ina masalia meupe, na mwalimu hakuwa mtu wa kutupa kitu chenye somo ndani yake. Akaiacha ipoe, akatia maji, kostiki soda, na matone machache ya salfeti ya shaba, ile ambayo watu wa pwani huiita mrututu. Rangi ikapanda taratibu: zambarau iliyoelekea waridi. Akarudia yote kwa urea ambayo haikuguswa na moto. Humo hakikutokea kitu ila utando wa buluu hafifu ulioshuka chini.

Baba akainuka kwenye stuli. "Mbona moja imekubali na nyingine imekataa?"

Naona hilo ni swali bora kuliko yote niliyowahi kusikia katika maabara ile. Mwalimu alichora ubaoni. Molekuli ya urea ina oksijeni moja na naitrojeni mbili. Naitrojeni hizo zimeegemeza elektroni zake upande wa kaboni, hivyo kwa kawaida urea huishika ioni ya metali, yaani chembe ya metali yenye chaji, kwa oksijeni. Kromiamu, kwa mfano, huzungukwa na urea sita, zote zikiwa zimeielekezea oksijeni, na fuwele zake ni za kijani. Lakini kwa shaba mshiko huo ni dhaifu. Ukitia kostiki soda, shaba inaiacha urea na kutuama kama haidroksaidi, ule utando wa buluu. Moto ndio unaobadili mambo: urea mbili huungana, hutoa amonia moja, zikawa biureti. Kostiki soda huzinyang'anya naitrojeni za biureti haidrojeni, nazo zikageuka kuishika shaba. Biureti mbili, naitrojeni nne, shaba moja katikati. Hapo ndipo zambarau inapotoka, na kipimo chetu cha protini kwenye ute wa yai kimepata jina lake hapo.

"Na shambani ikinuka, ni moto gani umeichoma?" Baba akauliza.

Mwalimu akamwambia ni vijidudu vya udongoni, kwa kimeng'enya kiitwacho ureasi. Nilipofika chuo ndipo nikajua kwamba mwanakemia Mmarekani, Sumner, alikitenga kimeng'enya hicho kama fuwele mwaka 1926, na kwamba mwaka 1975 ilionekana kina nikeli ndani yake. Metali tena! Natamani ningeweza kumjibu Baba siku ile ile.

Lakini yeye alitaka kipimo. "Chumvi ni kiasi gani?"

Tukapima gramu 10, tukaziosha mara kadhaa kwa spiriti iliyopashwa ndani ya maji moto, maana spiriti huichukua urea na kuiacha karibu chumvi yote. Tukakausha kilichobaki na kukipima. Gramu 3 kasorobo.

Baba akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Karibu kilo 7 katika zile 25. Karibu kilo 3 zilikuwa tayari jarubani.

"Nikifungua maji, chumvi itatoka?"

"Itatoka, mzee. Na urea itaondoka nayo."

Alikaa kimya kitambo. Kisha akamwomba mwalimu aniombee ruhusa hadi kesho yake. Jioni tulikuwa shambani, suruali tumezikunja magotini, tukibomoa kingo kwa jembe upande wa mwembe.