Kunde zangu na majani ya Soni

Mwaka juzi nilivuna kunde Pongwe, madebe matatu na kitu, nikazitia kwenye mfuko wa salfeti na kuusukumia uvunguni hapa Makorora, Tanga mjini. Baada ya miezi miwili nafungua nipike, nakuta vumbi na fukusi wanakimbizana. Kila punje ina tundu la mviringo, nyingine matatu.

Nikampigia shangazi yangu wa Soni, kule milimani Lushoto. "Shikamoo shangazi, kunde zote zimebunguliwa." Akaitikia, akacheka. "Mwanangu, huku mikaratusi imejaa mpaka inatumalizia maji ya chemchemi, na wewe unaliwa kunde?" Wiki hiyohiyo nikapokea furushi la majani ya mkaratusi stendi ya Kange. Basi zima lilinuka dawa ya kifua.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilipanga majani mabichi, tabaka la majani, tabaka la kunde, ndani ya mfuko uleule. Wiki moja chumba kilinukia vizuri, kisha harufu ikapotea, chini ukungu ukaanza na fukusi wakarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jani lenyewe haliui kitu. Kazi inafanywa na mafuta yaliyomo, hasa kile wanachokiita sineoli, yakigeuka mvuke na kumwingia mdudu kwa vitundu vya ubavuni anavyopumulia. Mfuko wa salfeti umefumwa, unapitisha hewa. Nilikuwa nawafukiza majirani.

Msimu uliofuata nilianza na kunde zenyewe. Nilizianika kwenye turubai mpaka ukiing'ata punje inakatika kwa mlio, nikapepeta, nikachambua zenye vidoa vyeupe. Vidoa hivyo ni mayai. Jike huyagandisha juu ya ganda, na funza akitoka hutoboa moja kwa moja kuingia ndani, hana haja ya kuonekana nje tena. Majani niliyakausha kivulini, maana jua kali linafukuza mafuta. Yalipoanza kuvunjika nikayafikicha, nikayafunga kwenye kipande cha kanga kuukuu. Ndoo ya lita 20 nikaijaza kunde hadi juu, kifurushi katikati, mfuniko nikaukaza na kuuzungushia utepe wa gundi.

Nilifungua baada ya miezi mitatu. Fukusi wachache walikuwa wamekufa, na punje kadhaa zimetoboka, bila shaka zile zilizoingia na funza tumboni. Zilizobaki nzima. Nilizipunga upepo, nikaziloweka usiku na kumwaga maji, na bado mwanangu wa pili alisema zinanuka mafua. Akala sahani mbili.

Majani yaliyobaki yalizua mengine. Kujifukiza tulijifukiza, sisi watu wazima, na pua zilifunguka. Ila jirani alikuja na kichupa cha mafuta ya mkaratusi, anataka kumpa mtoto kijiko kwa kikohozi. Nilimzuia, kwa sababu nesi wa kliniki alishatuonya kwamba kiasi kidogo tu kikimezwa kinaweza kumletea mtoto degedege. Kwa mbu, nilijipaka ule mkaratusi unaonukia limau, nikakaa barazani. Nusu saa hivi nilistarehe, kisha wakarudi na ndugu zao. Chandarua hakijatoka kitandani kwangu.

Sasa kuna ubishi. Mume wangu anasema majani hayakufanya lolote, ni mfuniko. Fukusi walikosa hewa wakafa. Na siwezi kumkatalia, kwa sababu ndoo iliyozibwa sawasawa inaua wadudu hata bila dawa. Lakini tangu nilipoifungua mara ya kwanza, ndoo yangu naifungua kila Ijumaa kuchota za kupika, hewa inaingia, na hapo naona majani yana sehemu yake. Kwa hiyo mwaka huu uvunguni kuna ndoo mbili za kunde za shamba moja, moja ina kifurushi cha kanga, nyingine haina. Zote tunazifungua Ijumaa. Yake ameiandika jina kwa mkaa.