Tarehe mbili za kifo kimoja

Wanafunzi wangu wa historia hapa Bagamoyo walikuwa wananijua kwa kauli moja: Wikipedia si chanzo. Niliitoa siku ya kwanza ya muhula, na aliyenukuu humo nilimkata maksi bila mjadala. Nilikuwa nimechoka kusoma insha zenye kosa lile lile, kwamba David Livingstone, yule mmisionari na mvumbuzi wa Uskoti, amezikwa Bagamoyo, kutoka kwa watoto waliozaliwa jirani na Misheni ya Wakatoliki.

Mwaka 2016 niliwapa kidato cha pili kazi ya kuandika jinsi mwili wa Livingstone ulivyotoka kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, ukabebwa zaidi ya kilomita 1,500 hadi kufika kwetu Februari 1874. Binti mmoja wa Kaole, asiyeongea darasani mpaka aulizwe, aliandika kwamba mzee yule alifariki tarehe 4 Mei 1873. Nikaizungushia kalamu nyekundu, pembeni nikaandika: “1 Mei. Umeitoa wapi?”

Wakati wa mapumziko akaja ofisini, daftari kalikumbatia kifuani.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Umeniuliza nimeitoa wapi. Naomba nikuonyeshe.”

Chumba cha kompyuta kilikuwa na mashine sita, zinazowaka mbili, na modemu moja ya kugombania. Ukurasa wa Wikipedia ukafunguka taratibu, picha ya Livingstone ikishuka kipande kwa kipande kama pazia. Nilitegemea anisomee aya ya juu. Hakuigusa. Aliteremka mpaka chini kabisa kwenye tanbihi, akaweka kidole juu ya kioo na kuniachia nisome mwenyewe. Tarehe zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa na mtu wake.

Usiku ule nilifuatilia nyumbani, hatua kwa hatua. Kaburi la Livingstone kule Westminster Abbey, kanisa kuu la London, limeandikwa 1 Mei. Tarehe hiyo ndiyo iliyomo kwenye kitabu cha shajara zake za mwisho, alichokihariri Horace Waller na kukitoa London mwaka 1874, akijazia sehemu ya kifo kwa masimulizi ya Susi na Chuma, watumishi waliokuwa na Livingstone safarini. Ile ya 4 Mei ilichongwa kwenye gome la mti palepale Chitambo, mti ule ule ambao chini yake ulizikwa moyo wake. Aliyechonga ni Jacob Wainwright, kijana wa Kiafrika aliyesomeshwa shule ya misheni ya Nasik, India, na ndiye aliyesoma sala ya maziko. Livingstone mwenyewe hawezi kutuamulia: maneno yake ya mwisho kwenye shajara ni ya 27 Aprili, alipokuwa hoi.

Miaka yote ile nilikuwa nikifundisha 1 Mei kwa sababu tu imo kitabuni. Sikuwahi kujiuliza nani alikuwepo, nani aliandika, na aliandika baada ya muda gani. Mtoto wa miaka kumi na tano alikuwa ameuliza. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma hata sasa ninapoandika.

Jumamosi niliwachukua wote kwa miguu hadi Misheni, chini ya mnara wa kanisa la zamani ulipolazwa ule mwili. Sikuwahutubia kuhusu intaneti. Niliwasimulia kwamba hata ulipofika Uingereza, madaktari hawakulikubali jeneza kwa maneno ya wapagazi wala ya wakubwa. Walitafuta mfupa wa mkono wa kushoto, ule uliovunjwa na simba miaka mingi nyuma, wakaukuta na alama yake. Kisha nikawauliza: kati ya mti na kitabu, mngeanza kuamini kipi, na kwa nini?

Wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Mmoja akasema mti, kwa kuwa Wainwright alichonga akiwa bado yupo pale. Mwingine akamjibu kwamba Susi na Chuma nao walikuwepo, tena ndio waliokuwa karibu zaidi na mgonjwa.

Nililiomba daftari la yule binti, nikafuta duara langu na kumrudishia maksi zake mbele ya wenzake. Akalipokea kwa mikono miwili, akatazama juu kwenye mnara.

“Mwalimu,” akasema, “na pale porini, kila mtu anaumwa na mvua inanyesha, siku walikuwa wanazihesabuje?”